Pumua Tu

Bi Eluned Prosser amekuja mara ya tatu.
Naijua kofia yake ya sufi, kijani iliyopauka,
naijua pete isiyopita kwenye kifundo.
"Iache, kijana. Dhahabu haivutwi na sumaku.
Hata mume wangu haikumvuta."
Nje, mvua nyembamba ya Januari
inaipangusa Aberdare bila kuitakasa.

Mara ya kwanza nilimwambia nilivyofundishwa:
vuta hewa, toa, vuta tena, sasa izuie.
Sekunde kumi na tano.
Ya tisa akakohoa.
Moyo ukatokea kwenye kioo kama picha ya mtoto
aliyegeuka mpiga picha alipobonyeza.
Mara ya pili vivyo hivyo.
Ripoti ikasema: hakuna kasoro,
kwa kadiri inavyoonekana.

Kwa kadiri inavyoonekana!
Maneno matatu, na mama wa watu akarudi nyumbani
na dawa ya kiungulia,
na kijitabu cha kupunguza wasiwasi.
Mishipa mikubwa ni safi, walisema, kama mabomba mapya.
Mmoja akamuuliza kama amefiwa karibuni.
Naye kila asubuhi, penye kivuko cha shule,
anainua kibao chake cha duara, magari yasimame,
mgongo kwenye nguzo, watoto wasijue,
kifua kimebanwa kama vidole mlangoni.

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Hiki nimelaza watu maelfu juu yake.
Mimi, hata siku moja.

Ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha,
Gethin na kikombe chake chenye ukoko wa chai
aligombana na pumzi miezi kumi na minne.
"Kumwambia mgonjwa wa kifua asipumue," alisema,
"ni kumwambia anayezama atulie
tumpimie kina cha maji."
Akaifundisha mashine kusubiri,
kufuata kiwambo kikipanda, kikishuka,
kutupa kilichotikisika, kushona kilichobaki,
na kuhesabu damu: kila gramu ya nyama, kila dakika,
badala ya jicho langu lililochoka
kukisia weusi na weupe saa kumi jioni.
Ilikosea sana. Kuna moyo ulitoka na pembe.

Leo, basi.
Mpira wa kengele kiganjani. Sindano mkononi,
dawa inayoudanganya moyo kwamba unapanda mlima.
"Nipumue vipi?"
"Pumua tu."
"Nisizuie?"
"Usizuie chochote."

Sumaku inagonga, fundi bati mwenye deni.
Dakika ya pili, sauti yake kwenye spika:
"Ndiyo hii. Ndiyo hii hii.
Mnaiona?"

Si kazi yangu kujibu.
Lakini naiona.
Pale palipopasa kuiva rangi ya chungwa,
upande wa ndani wa ukuta, pete ya buluu,
nyembamba, imezunguka kote.
Si mto uliozibwa. Ni vijito,
vidogo mno kupewa majina,
vimeombwa kutanuka, vimegoma.

Daktari Angharad anamchorea kwa kalamu.
Eluned anatazama karatasi, halafu dirisha.
"Mama alikuwa akikaa ngazi ya tatu," anasema,
"kila Jumatatu, kapu la nguo mapajani.
Tulimwita mvivu."
Kalamu inawekwa mezani.

Dawa zipo. Moja huenda ikamfaa,
nyingine ikamvimbisha miguu.
Hakuna aliyemwahidi kupona.
Aliomba nakala mbili za picha,
akazikunja ndani ya kofia, mvua isizifikie,
akatoka kichwa wazi.
Mlangoni akageuka:
"Hicho kitanda chenu ni kigumu."

Nikakipangusa. Nikatandika karatasi mpya.
Wakaja wengine wanne.
Usiku, kabla ya kuzima taa,
nilipanda, nikalala chali,
mikono kifuani.

Ni kigumu kweli.